Kundi la Tatu Halina Slaidi

Nilirudi Kawangware kutoka Machakos katikati ya Januari nikiwa na shahada, begi moja la nguo, na barua iliyosema kwamba mimi ni mwalimu wa Kiswahili kwa majaribio. Majaribio hayo yangeisha mwisho wa Februari. Siku hiyo mkurugenzi wa shule angekuja kuketi nyuma ya darasa langu la Kidato cha Tatu, atazame somo moja tu, kisha aamue kama nitapewa barua ya kudumu au nitaonyeshwa geti. Nyumbani, mama alikuwa ameshatangaza kanisani kwamba mtoto wake ameandikwa kazi Nairobi. Kukosa kazi ningeweza. Kusimama mbele ya washirika wale wale waliopiga makofi na kuliondoa tangazo, hilo sikuwa na nguvu nalo.

Mkurugenzi alikuwa mwenyeji wa Kawangware, mtu wa ploti. Shule yake ilikuwa imeanza kama nyumba za kupangisha, hadi alipogundua kwamba chumba kimoja huingiza wanafunzi wengi kuliko wapangaji. Madarasa bado yalikuwa na namba milangoni, na langu, namba saba, lilikuwa na sinki kwenye kona karibu na ubao. Siku ya mahojiano, mwezi wa Novemba, aliniuliza swali moja tu.

"Wewe kijana, unatuletea nini kipya?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali mengi, yakiwemo ya lahaja na fonetiki, lakini hilo halikuwemo. Nikausikia mdomo wangu ukisema, "Slaidi, bwana mkurugenzi. Wanafunzi watatengeneza slaidi wenyewe, kwa makundi, halafu wawasilishe mbele ya darasa."

Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeona jambo hilo likijaribiwa mara moja, chuoni, na mhadhiri ambaye projekta yake ilikataa kuwaka. Lakini mkurugenzi alifurahi.

"Masilaidi," akasema, akilionja neno. "Kama yale ya nyimbo kanisani. Hayo ndiyo nataka wazazi waone."

Halafu Desemba ya 2007 tukapiga kura, matokeo ya urais yakatangazwa ndani ya chumba kilichofungwa, upande mmoja ukasema kura zimeibwa, na mapigano ya kikabila yaliyofuata kila mtu anayajua. Shule ilichelewa kufunguliwa, na ilipofunguliwa sehemu kubwa ya darasa haikurudi. Waliorudi waliketi kwa mpango ambao hakuna mwalimu aliyewapa: wanaotoka Kisumu Ndogo, kule Kibera, upande wa dirisha, wanaotoka Kongo, hapa hapa Kawangware, upande wa sinki. Dawati moja lilibeba watu watano huku la pembeni yake likikaa tupu. Mimi, kwa kuwa ni Mkamba wa Machakos, nilitazamwa na pande zote mbili kama mgeni aliyeketi katikati ya mke na mume waliokosana. Kila mmoja humsemesha yeye, na kila mmoja huhesabu amegeukia wapi mara ngapi. Nikawa nafundisha nikiutazama mlango, ambao haukuwa na kabila.

Basi ikaja kazi ya kugawa makundi. Niliifikiria siku tatu. Nikiwaacha wachague wenyewe, watachaguana kama walivyokaa. Nikichagua mimi, itasemwa nimepanga. Nikihesabu moja, mbili, tatu, nne, lazima niwanyooshee kidole, na mwezi ule hakuna aliyetaka kunyooshewa kidole. Siku ya tatu nikapata jibu, na nakumbuka nilitabasamu peke yangu katika chumba changu cha kupanga kule Kongo. Nitatumia rejista! Rejista yetu ilipangwa kwa herufi ya kwanza ya jina la baba, kitu kisicho na upande. Nikachukua rula, nikaikata orodha mahali patatu, nikapata makundi manne. Nilijiona mtu wa haki kuliko wengi waliokuwa wakionekana kwenye televisheni.

Ni mtu aliyesoma sana tu anayeweza kufanya kosa kama lile. Mama mboga wa pale getini angelitambua bila kuiona rejista. Katika nchi yetu herufi ya kwanza ya jina la baba hueleza mengi. Nilipoanza kusoma kundi la kwanza, lilikuwa K tupu: watoto wa Kikuyu, wote wa upande wa sinki. La pili lilikuwa M na N, mchanganyiko wa watu wa mlimani na watu wetu wa Ukambani. La tatu lilikuwa O, na O, na O tena, watoto wa Kijaluo, wote wa dirishani. La nne tu, la W, ndilo lililokuwa na Kenya kidogo ndani yake, kwa sababu W iko Mlima Kenya na iko Magharibi. Nilifika katikati ya kundi la tatu ndipo nikaisikia sauti yangu ikipungua.

Msichana mmoja wa Kisumu Ndogo, ambaye alikuwa akiyahesabu majina kwa vidole, akainua mkono.

"Mwalimu, hizi ni group ama ni vyama?"

Upande wa sinki kijana mmoja mrefu, mkaaji wa Kongo kama mimi, akadakia bila kuinua mkono. "Na matokeo yatatangaziwa wapi, ticha?"

Darasa zima likacheka, pande zote mbili, kwa mara ya kwanza tangu tufungue. Hapo ndipo ningepaswa kuichana karatasi. Badala yake nikaanza kufikiri. Nikibadilisha, itakuwa nimekiri kwamba nimeona kabila. Nisipobadilisha, nitakuwa nimewagawanya kwa kabila lakini bila kuliona, jambo ambalo wakati ule niliona ndilo la kiungwana.

"Hivyo ndivyo rejista ilivyo," nikasema, nikiutazama mlango.

Mada nayo ilinisumbua. "Familia yangu" haikufaa, kwa kuwa wengine familia zao zilikuwa zimetawanyika. "Likizo yangu" ndiyo kabisa. "Safari", hapana. "Soko letu" niliiandika kisha nikaifuta, maana sehemu ya Soko la Toi, kule Kibera, ilikuwa bado majivu na mabati yaliyokunjamana, na nilikuwa na wanafunzi ambao mama zao waliuza mitumba pale. Mwishowe nikaamua kuwapa chapati. Hakuna Mkenya asiyekula chapati. Tungefundishana lugha ya maagizo: chukua, changanya, ongeza, geuza. Kundi la kwanza litaeleza kukanda unga, la pili kukata madonge, la tatu kusukuma, la nne kukaanga. Ukiyaunganisha, unapata chapati moja ya taifa. Naomba radhi kwa maneno hayo, lakini ndivyo nilivyoyaandika kwenye mpango wangu wa somo, na nikayapigia mstari.

Shule ilikuwa na kompyuta tatu, moja haikuwa na herufi E. Nikatengeneza ratiba ya zamu, na kila kundi likaihakiki kwa saa ya mkononi. Dakika mbili zikizidi, mtu alipiga mlango. Hata hivyo kazi ilifanyika, na kwa bidii iliyonishangaza, ingawa si bidii ya Kiswahili. Kundi la kwanza lilitumia zamu mbili nzima kuchagua jinsi neno "UNGA" litakavyoingia: kwa kuruka, kwa kuzunguka, au kwa kudondoka herufi moja moja na mlio wa gari likifunga breki. Wakachagua vyote. Kundi la pili lilikuwa na slaidi ya Yaliyomo, ya Utangulizi, ya Shukrani na ya Picha za Wanakundi, ndipo donge likatokea. Nilipowauliza kwa nini nyuma ya madonge kuna picha ya ufuo wenye minazi, waliniambia kompyuta ndiyo ilikuja nayo.

Siku moja kabla ya mkurugenzi kuja, alasiri, nilikusanya kazi zote kwenye flashi yangu. Kila kundi lilikuwa na folda yake kwenye kompyuta. Kwa hofu kwamba kuna atakayechungulia au kuharibu kazi ya wenzake, sikunakili tu. Nilizihamisha faili kabisa, ili kwenye kompyuta kusibaki kitu cha kuibwa. Nilianza na kundi la tatu, kwa sababu kompyuta yao ndiyo ilikuwa karibu. Nilipofika kundi la kwanza, kompyuta ikaniuliza kama nina hakika. Nikaona hiyo ni kompyuta tu, ina wasiwasi kama mimi. Nikabonyeza Ndiyo.

Nilipofungua flashi nihakikishe, nikakuta faili tatu. Nikazihesabu tena, kana kwamba zingezaliana. Makundi mawili ambayo tangu Januari hayakuwa yamekubaliana hata dirisha lifunguliwe au lifungwe, yalikuwa yamekubaliana kuhusu jina la faili. Yote mawili yaliiita "Chapati". Ya kundi la kwanza ilikuwa imekalia mahali pa ya kundi la tatu, na ya kundi la tatu haikuwepo popote, hata kwenye pipa la takataka la kompyuta.

Ningeweza kuwaambia alasiri ile ile. Walikuwa bado uwanjani. Nilisimama mlangoni nikawatazama nikapanga sentensi. "Kumetokea hitilafu." Hapana, neno hilo lilikuwa limetumika sana kwenye redio. "Faili imepotea." Imepotezwa na nani? Nilipopata sentensi ya kufaa, uwanja ulikuwa mtupu.

Asubuhi mkurugenzi alifika akiwa na suti, akapewa kiti cha ofisini na soda, akaketi nyuma. Projekta tulikuwa tumeiazima kutoka kanisa la jirani, na ilipowaka ukutani pakatokea ubeti wa wimbo wa kuabudu. Nusu ya darasa ikasimama kwa mazoea. Tulipopata chapati, kundi la kwanza likapanda mbele, wakatupa mgongo, wakasoma ukuta. "Unga," wakasoma. Gari likafunga breki. "Chumvi." Breki. Slaidi kumi na moja, na sentensi kamili nilizozihesabu zilikuwa mbili, moja ikiwa "Asanteni kwa kutusikiliza." Mkurugenzi akapiga makofi. Kundi la pili nalo likatupa mgongo, na ufuo, na minazi, na madonge. Akapiga makofi tena, akaandika kitu kwenye kijitabu.

Nilijaribu kuchelewesha. Niliuliza kama kuna maswali. Nilifuta ubao ambao haukuwa na kitu.

"Mwalimu, ni zamu yetu," akasema yule msichana wa Kisumu Ndogo. Kundi lake lilikuwa limeshasimama, wamechana nywele, mmoja amevaa tai ya kuazima.

Nikaifungua flashi. Faili tatu zikatokea ukutani, kubwa, kila mtu akaziona.

"Yetu iko wapi?"

Nikaifunga flashi, nikaifungua tena. Kutoka upande wa dirisha sauti ikasema, "Si wao ndio walikuwa wa mwisho kwa kompyuta? Wamezoea."

Yule mrefu wa Kongo akasimama. "Nani amezoea? Sema vizuri."

"Mmeiba. Tena."

"Tumeiba chapati?"

"Mnaiba chochote!"

"Rudia hiyo kitu ukiwa umesimama. Simama!"

Dawati likakwaruza sakafu, kisha jingine. Hakuna aliyecheka. Wasichana wa kundi la nne walikuwa wameshaanza kuokota mabegi yao, taratibu, kwa ujuzi wa watu waliojifunza mwaka huo wakati wa kuondoka. Nyuma, mkurugenzi aliishusha chupa ya soda mdomoni, akashika kalamu. Nilijua anachotaka kuandika, na nilijua kwamba nikinyamaza nusu dakika zaidi, kijana yule angebebeshwa mzigo wangu na pengine angeubeba hadi nje ya geti, ambako watu hawakuwa wakipigana kwa maneno.

"Ni mimi," nikasema.

Hawakusikia. Nikasema tena, kwa sauti iliyotoka nyembamba kuliko nilivyopanga.

"Ni mimi niliyeifuta. Jana. Kompyuta iliniuliza kama nina hakika, nikabonyeza Ndiyo. Hawa hawajui lolote. Nilijua tangu jana na sikuwaambia."

 Yule mrefu alibaki amesimama, ngumi zikiwa bado zimekunjwa lakini hazina pa kwenda. Msichana wa Kisumu Ndogo akanitazama muda mrefu, kama mtu anayekagua noti ya bandia.

"Mwalimu," akasema, "wewe ni mtu wa kwanza mwaka huu kusema ni mimi."

Mtu akaguna. Mwingine akacheka puani. Yule mrefu akaketi.

"Sasa sisi tutafanya nini?" msichana akauliza. "Hatuna slaidi."

"Sijui," nikasema, na lilikuwa jibu langu la kwanza wiki hiyo ambalo sikulipanga.

Akawageukia wenzake, wakanong'onezana. Kisha akatembea hadi nyuma ya darasa, akasimama mbele ya mkurugenzi.

"Samahani, mzee. Umemaliza soda?"

Mkurugenzi, kwa mshangao, akampa chupa.

"Kwetu hatuna kile kijiti cha kusukumia," akasema akirudi mbele, sasa akitukabili. "Tunatumia chupa. Osha chupa kwanza, toa ile karatasi ya jina. Nyunyiza unga mezani. Chukua donge, libonyeze kwa kiganja, hivi. Sasa sukuma kutoka katikati kwenda nje, usirudi rudi. Zungusha. Sukuma. Ikishikana na meza, usiivute kwa hasira, itachanika." Mwenzake mwenye tai alishika pembe za chapati isiyokuwepo, mwingine akaipaka mafuta kwa kidole.

"Na hukunji?" akauliza yule mrefu kutoka sinki, bila kuinua mkono.

"Kukunja nini?"

"Ukishapaka mafuta, ikunje kama kamba, uizungushe, usukume tena. Ndio itoke na tabaka."

"Sisi hatukunji. Tuko saba nyumbani, nikikunja kila moja tutakula kesho."

"Basi hiyo si chapati, hiyo ni sahani!"

"Wewe umewahi kupika ama unapikiwa na mamako?"

"Zii, mimi hupika! Uliza hawa. Jumapili yote ni mimi."

"Anadanganya, hukata vitunguu tu," akasema jirani yake wa dawati, na darasa likavunjika mbavu. Kila mtu sasa alikuwa na chapati ya kutetea. Maji ya moto au ya vuguvugu. Mafuta ndani ya unga au nje. Msichana mmoja wa kundi la M alipanda juu ya kiti kutetea maziwa, na akazomewa na dirisha na sinki kwa pamoja. Kwa dakika kumi walitumia maagizo mengi kuliko niliyofundisha muhula mzima: kanda, paka, geuza, acha, usiguse, nyamaza. Sisemi walipatana. Kengele ilipolia walitoka kama walivyoingia, hawa kwa hawa. Lakini walitoka wakibishana kuhusu unga, na kijana yule alifika kwao Kongo bila mkwaruzo, kwa sababu nilimfuata kwa mbali hadi mlangoni.

Kundi la nne halikupata nafasi. Chapati yetu ya taifa haikukaangwa.

Jumatatu mkurugenzi aliniita ofisini. Mezani kulikuwa na barua mbili, na niliweza kuona kwamba ya juu ilikuwa na neno "kudumu".

"Masilaidi yalikuwa mazuri sana," akasema. "Yale ya breki, safi kabisa. Yale makelele ya mwisho sikuyapenda. Lakini kitu kimoja sijaelewa. Kwa nini ulisema ni wewe?"

"Kwa sababu ni mimi, bwana mkurugenzi."

"Ungesema ni mashine. Mashine haina watu wake wa kukasirika." Akanisukumia karatasi. "Wazazi wa hao wa kundi la tatu watauliza. Andika hapa ripoti fupi. Andika stima zilipotea, uweke sahihi, halafu nikupe barua yako uende darasani."

Nikashika kalamu. Nilimwona mama kanisani, na kofia yake ya Jumapili. Niliwaza kwamba sentensi yenyewe ni fupi, kwamba stima, yaani umeme, hupotea Kawangware kila siku, kwamba huenda zilipotea mahali fulani saa ile ile na hivyo isingekuwa uongo kamili. Niliwaza pia kwamba darasa zima lilikuwa limesikia matokeo ya kwanza, na sasa nilikuwa nimeketi katika ofisi iliyofungwa nikiandika matokeo ya pili.  Nikaandika: "Faili ya kundi la tatu ilifutwa na mwalimu." Nikaona imekaa peke yake mno, nikaongeza, "Stima zilikuwepo." Nikaweka sahihi.

Mkurugenzi aliisoma mara mbili. Hakukasirika, na hilo lilinitisha zaidi. Akaichukua ile barua ya juu, akaifungia kwenye droo, akanipa ya chini. Ilisema majaribio yangu yameongezwa hadi mwisho wa muhula wa pili.

"Unajua shida yako, mwalimu?"

"Hapana, bwana mkurugenzi."

"Unafikiria sana. Muhula ujao jaribu video."

Nikasema asante, nikatoka. Nikiwa njiani kurudi darasani, nje ya mlango namba tatu nikasimama, nikiwa na barua mkononi, nikiwaza kama asante ile ilikuwa imesikika kama shukrani au kama kiburi, na kama ingefaa nirudi nikaiseme upya.